Uzi Unaooza

Kabla hajawa mume wa mtu, Fundi alikuwa bwana wa "njoo kesho." Mafundi cherehani wote wana ugonjwa huo, tusidanganyane, lakini huyu alizidi. Kulikuwa na watu mjini waliompelekea vitambaa vya suruali wakiwa wembamba, na suruali ilipokuwa tayari haikuwaingia tena. Kibaraza chake kilikuwa ubavuni mwa duka la vyombo. Palikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, pasi ya mkaa, rundo la vitambaa ambavyo wenyewe walikwisha kata tamaa navyo, na kiti kimoja cha mteja chenye mguu mfupi uliowekewa kipande cha tofali. Tepu ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata siku ya mapumziko.

Miaka mingi baadaye mkewe aliyakumbuka hayo akitabasamu peke yake jikoni, maana ile "njoo kesho" ndiyo iliyomtafutia mume.

Siku ya kwanza alifika kibarazani asubuhi, msichana aliyevaa koti jeupe la maabara lenye madoa ya udongo mifukoni. Kwapani alibana wavu mwembamba wa plastiki, umekunjwa vizuri.

"Habari za kazi, fundi?"

"Nzuri, dada. Tunashona gauni au sketi?"

"Mifuko. Midogo, ya ukubwa wa kiganja. Mingi."

"Ya kutilia nini?"

"Majani."

"Ya chai?"

"Majani makavu ya vichakani. Nitayatia humo, mdomo unashonwa, halafu nayafukia ardhini."

Fundi aliweka mkasi chini taratibu. Alimtazama msichana, akautazama wavu, akageuka kuangalia kama mwenye duka la vyombo anasikia.

"Dada, samahani kwa kuuliza. Umetumwa na mganga?"

Msichana alicheka mpaka akakaa, na kile kiti kikamyumbisha, akacheka zaidi. Kisha akaeleza. Alikuwa msaidizi wa maabara katika kituo cha utafiti wa udongo, kule nyumba zinakoishia na nyika ya vichaka inakoanza. Kazi yake ilikuwa kujua majani yanavyogeuka kuwa udongo katika nchi kavu kama ile. Nani anayageuza, na kwa kasi gani? Unapima majani kwenye mizani, unayatia kwenye mfuko wenye matundu, unayafukia, unangoja. Ukiyatoa unayakausha na kuyapima tena. Kilichopungua kimeliwa.

"Kimeliwa na nani? Mchwa?"

"Mchwa hapiti matundu haya. Ni wadogo zaidi, hata kwa macho huwaoni. Ukichota konzi moja ya udongo chini ya kichaka, mna vijidudu vingi kuliko watu wa dunia nzima."

Fundi aligeuza viganja vyake, akavikagua mbele na nyuma.

"Na mimi jana nimekula karanga bila kunawa," alisema.

Akaipokea kazi. Akasema njoo kesho. Kesho yake msichana akaja, mifuko haijaguswa, akaambiwa njoo kesho. Mteja mwingine angetukana na kuondoka na wavu wake. Huyu alikaa kwenye kiti kibovu akasimulia habari za kuvu na bakteria, huku Fundi akikanyaga cherehani na kuuliza maswali ambayo hata pale kituoni hakuna aliyewahi kuyauliza. Je, vijidudu navyo hulala? Hulewa? Vikishiba hufanya nini? Basi akazoea kupita kila jioni anapotoka kazini. Mwenye duka la vyombo aliapa maisha yake yote kwamba mifuko ile ilikuwa tayari siku ya pili, imefichwa chini ya rundo. Fundi hakukubali wala hakukataa.

Ilipotoka, ilitoka imependeza. Mishono yake ilikuwa midogo, imenyooka, imerudiwa mara mbili. Fundi alikuwa ametumia uzi bora aliokuwa nao, uzi mweupe wa pamba, maana hakuwa mtu wa kushona vibaya hata kitu cha kwenda kufukiwa. Msichana akaipeleka nyikani kabla ya mvua, mingine akaifukia chini ya vichaka, mingine kwenye nafasi tupu katikati yake. Mvua zikaja, zikapita. Siku ya kuifukua akaenda na jembe lake dogo na matumaini yake yote.

Mfuko wa kwanza ulipotoka, wavu ulikuwa mzima, unang'aa kama wa jana, ila umefunguka pande zote tatu. Majani yalikuwa yametawanyika, yakachanganyika na ya jirani. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Alizunguka kichaka hadi kichaka, na kila alipofukua alikuta kipande cha wavu mtupu. Mshono haukuwepo. Uzi wote ulikuwa umeliwa.

Hapo ndipo alipokaa chini kwenye vumbi akajishika kichwa. Pamba nayo si mmea? Yeye, ambaye kutwa kucha aliimba habari za vitu vinavyoliwa na udongo, alikuwa amesimama mbele ya cherehani akauangalia ule uzi ukipita kwenye sindano, na wala hakuwaza. Na fundi naye alikuwa amewawekea uzi wa heshima. Kazi ya msimu mzima ilikwenda na maji. Mkuu wa maabara, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, aliugeuza wavu mtupu mkononi, akasema, "Kumbe umewaandalia chakula, ukawapa na kitambaa cha kufutia midomo." Kisha akaingia ofisini kwake, na waliokuwa karibu na mlango walimsikia akicheka.

Msichana akaenda kibarazani amefura. Fundi alipoona nyavu zimefumuka, naye akapandwa na hasira.

"Mshono wangu haufumuki! Uliza mji mzima. Wanasema nachelewa, hakuna anayesema nafumuka."

"Basi njoo uone mwenyewe."

Akafunga kibaraza mchana kweupe, jambo ambalo watu walilizungumza wiki nzima, wakaenda nyikani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutembea katikati ya vichaka vile kama mtu anayetembelea nyumba ya watu. Siku zote alikuwa akiviona vya kijivu, vya miiba, visivyo na faida hata ya kuni nzuri. Msichana akampigisha magoti kwenye nafasi tupu kwanza. Udongo ulikuwa mweupe na mgumu, kucha haziingii. Kisha hatua chache mbele, chini ya matawi. Hapo mkono ulizama. Udongo ulikuwa mweusi, laini, una ubaridi, na harufu yake ilikuwa ya mvua iliyokwisha pita.

"Ni ardhi ile ile," alimwambia. "Tofauti ni kichaka. Kinaangusha majani yake chini ya miguu yake mwenyewe, kinawatilia kivuli wanaoyala, na wao wakisha kula wanaacha chakula cha mizizi pale pale. Naitrojeni, fosforasi, yote. Kinakula majani kiliyoyaangusha mwaka juzi. Nchi kavu hii haina cha kuchezea, fundi. Kila kitu kinazunguka."

"Bandu bandu huisha gogo," alisema Fundi polepole.

"Eeh. Ila hapa gogo haliishi. Linahamia kwenye kichaka kingine."

Alipokuwa akipapasa kwenye udongo ule, vidole vyake viliushika uzi. Ulikuwa kipande kilichobaki, kimegeuka rangi ya chai. Akauvuta, ukakatika bila hata kutoa sauti. Akauweka kiganjani akautazama kwa muda mrefu, na msichana akaogopa kwamba amemvunja moyo. Fundi akaanza kucheka. Alicheka kwa tumbo, kwa mabega, mpaka machozi.

"Miaka yote hii nimeshonea watu," alisema, "hakuna hata mmoja aliyewahi kuipenda kazi yangu kiasi cha kuila."

Alishona upya mifuko yote kwa uzi wa nailoni, bila malipo na bila "njoo kesho." Na mwaka uliofuata wakaoana.

Tangu hapo Fundi alimwita mkewe Bibie, naye mkewe hakuacha kumwita Fundi, hata walipompata binti yao. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule. Cherehani ilikaa dirishani, mizani ndogo ya zamani ya kituo ikakaa juu ya kabati, na mezani siku zote palikuwa na bahasha za majani zinazongoja. Ukikaa kula, kwanza usogeze majani. Binti alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa cherehani, na mifuko ya wavu iliyokosewa ndiyo ilikuwa vitanda vya wanasesere wake. Shuleni alipoulizwa wazazi wake wanafanya kazi gani, alijibu, "Baba anashona mifuko, mama anaifukia." Mwalimu akawaita wazazi.

Lakini kitu ambacho Bibie alikikumbuka kuliko vyote ni mvua za kwanza. Udongo wa nyika wakati wa kiangazi hulala, vijidudu vyake vimejikunyata vinangoja. Tone la kwanza likigusa, vyote vinaamka kwa pamoja na njaa ya miezi, na udongo unapumua. Unapumua kweli. Ukiinamisha kopo juu yake na kikombe cha dawa ya kunasa hewa ndani, unaweza kuipima pumzi hiyo. Ila ni saa chache tu za mwanzo, ukichelewa umeikosa. Kwa hiyo mawingu yakijikusanya, popote alipokuwa, Bibie alikimbilia nyikani na makopo yake. Na Fundi aliacha suruali ya mtu kwenye sindano, akachukua mwavuli, akamfuata.

Mwavuli ule haukuwa wa mkewe. Ulikuwa wa makopo, maji yasiyapige yakapinduka. Basi mama wa watu ananyeshewa, baba wa watu ananyeshewa, na kopo la bati limekaa pakavu kama bibi harusi. Wapita njia waliona vitimbi. Wao wawili walichuchumaa pale wamelowa chepechepe, na ile harufu ikipanda kutoka ardhini, na Fundi kila mara akauliza kama mtu anayemjulia hali jirani, "Umepumuaje leo?" Na Bibie akajibu, "Umepumua vizuri." Walikuwa na furaha. Wakati ule hawakuiita furaha, waliiita kazi.

Miaka ikaenda. Binti akakua, akaolewa, akapata kazi ya ukarani katika shule moja kwenye mji wa mbali. Siku Bibie alipostaafu, wenzake wa kituoni walimpa jora la kitambaa cheupe cha pamba lililobaki stoo. Kilikuwa kile ambacho walikuwa wakikata vipande na kukifukia, ili kuona udongo unakila kwa nguvu kiasi gani. "Hiki usikifukie," walimtania. Akaliweka juu ya kabati, karibu na mizani.

Fundi naye macho yalianza kufifia, kidogo kidogo, kisha kifua kikaanza kumsumbua. Kibaraza kikafungwa. Alibaki anakaa dirishani kwenye cherehani yake bila kushona, mguu wake tu ukikanyaga taratibu kwa mazoea. Mchana mmoja Bibie alikuwa anachambua mboga karibu naye.

"Bibie. Lile jora bado lipo?"

"Lipo. Wataka kushona pazia?"

"Nataka kujishonea shati."

"Shati la kwendea wapi, na wewe huendi popote?"

Mguu wa Fundi ukaacha kukanyaga. Bibie akaelewa, akaendelea kuchambua mboga, ila alikuwa anatupa majani mazuri na kubakiza mashina.

"Kwa uzi wa pamba," Fundi akasema. "Sikiliza, usilie kwanza. Maisha yangu yote nimewashonea hao watu wako wa udongoni kwa nailoni, nikawanyima. Safari hii nataka wale. Wewe si uliniambia kila kitu kinazunguka? Basi na mimi nizunguke. Sitaki nimeisha mwili mzima, halafu mishono yangu imekaa pale chini inameremeta, kama zile nyavu. Unazikumbuka zile nyavu tupu?"

"Nazikumbuka."

"Usiniache kama zile. Niahidi."

Akamwahidi. Ahadi ni deni, na hili lilikuwa la mume.

Kumbe uzi wa pamba ulikuwa umekwisha kuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kila duka la vifaa vya ushonaji mjini lilikuwa na nyuzi za plastiki za rangi zote za dunia, lakini wa pamba hamna. Binti akapigiwa simu. Akatafuta kule kwake, akaja nao mwenyewe, kibunda kimoja cheupe. Muuzaji alimwapia kuwa ni pamba tupu. Fundi aliupitisha mdomoni, akaukunja, akatabasamu, akasema, "Huu ndio wenyewe." Macho hayakuwepo tena, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Bibie alimtungia sindano. Yeye alikuwa na furaha ya kumwona mumewe kwenye cherehani, na katika furaha ile hakuuwazia uzi. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yake anasimama mbele ya cherehani ile ile bila kuuwazia uzi.

Shati lilichukua wiki kadhaa. Alishona kwa kupapasa. Vifungo vya plastiki alivikataa, akasokota vifundo vya kitambaa kile kile. Kola ilikwenda upande, akaifumua, akaishona tena, ikaenda upande tena. Majirani waliokuja kumjulia hali walimuuliza kama amemaliza.

"Bado," aliwajibu. "Na malaika akija nitamwambia njoo kesho."

Alilimaliza, akalitundika ukutani. Malaika, kwa mara ya kwanza katika historia ya wateja wa Fundi, alikubali kungoja mpaka nguo ikawa tayari. Aliondoka asubuhi ya kawaida, chai yake iko nusu kikombeni.

Mazishi yalipangwa kesho yake. Nyumba ikajaa watu, viti vikaazimwa. Baada ya mchana Bibie aliingia chumbani peke yake kulitoa shati ukutani. Alilikunjua kitandani, akalilaza mikono, akanyoosha ile kola iliyokwenda upande. Kwenye pindo palikuwa na ncha ya uzi iliyobaki, maana Fundi hakuweza kuiona ili aikate. Akaikata kwa meno. Halafu mkono wake, ambao kazi ulikuwa haujaisahau, ulichukua kiberiti.

Uzi wa pamba ukiuchoma huwaka, hunuka kama karatasi, huacha jivu linalopeperuka. Huu ulijikunja. Ulirudi nyuma kuukimbia moto, ukayeyuka, ukaacha punje ndogo nyeusi, ngumu, na harufu ya ndoo ya plastiki iliyoungua.

Akachukua ncha nyingine kutoka begani. Ikawa vilevile.

Binti alimkuta amekaa chini, shati mapajani.

"Mama? Mama, vipi?"

"Si pamba, mwanangu."

Binti akaushika ule uzi, akaitazama punje nyeusi, na uso wake ukabadilika. "Yule mtu aliniapia. Mama, aliniapia kabisa! Mimi ndiye niliyeuleta, mimi mwenyewe."

"Hata mimi niliutunga kwenye sindano. Nyamaza sasa. Hatuna muda wa kugawana makosa."

Shangazi yake binti, dada wa Fundi, alisikia sauti akaingia na kufunga mlango. Alikuwa mwanamke mnene mwenye roho nyepesi, aliyempenda kaka yake kupita kiasi. Walipomweleza alilichukua shati akalikumbatia.

"Wifi, usinifanyie hivyo. Utalifumua? Huu ndio mkono wa mwisho wa kaka yangu. Tazama hii kola, ameishona haoni, masikini. Nani atajua huko chini ni uzi gani?"

"Aliniomba mimi."

"Aliomba, ndiyo. Lakini amekwenda anajua ni pamba. Roho yake imetulia. Mwache na mshono wake."

Bibie alijua wifi yake hakuwa amesema uongo. Mshono ule ulikuwa ndiye yeye. Kila penye kujikunja alikuwa amekohoa, na kila penye kuruka mkono ulikuwa umetetemeka. Akiufumua, hatakuwa na kitu kingine tena duniani ambacho Fundi alikigusa akijua anakwenda. Na asipoufumua, anaona kwa macho yake mwenyewe, kama mtu aliyefukua mara nyingi mno, kitakachokutwa pale baada ya miaka. Kitambaa hakipo, yeye hayupo, majani yamekuja na kwenda, na zile nyuzi bado zimekaa mahali pa mabega na kola, zimeshika umbo la mtu, hazimwachilii. Aliogopa lile umbo kuliko alivyoogopa nyumba tupu.

"Nipeni wembe," alisema.

Lilikuwa jambo gumu kuliko mauti yenyewe, na hilo alilisema waziwazi kwa binti yake baadaye. Alilegeza tundu kwa tundu kwa ncha ya wembe. Alivuta uzi polepole usikatike, akauzungusha kwenye kibunda chake, na kila ulipotoka, kitambaa kilibaki na mstari wa matundu madogo. Hapo akasimama. Aliliinua shati akaliweka mbele ya dirisha, na mwanga ukapita kwenye matundu yale, yote, mabega, ubavu, kola.

"Wifi, njoo uone," akamwita. "Mkono wake haujatoka. Uko hapa. Tutapita mle mle alimopita."

Uzi mwingine ungetoka wapi? Ulitoka kwenye jora. Kilichobaki cha kitambaa kile walikivuta nyuzi, mmoja mmoja, ndefu, nyembamba. Wakazikunja mbilimbili na kuzipitisha kwenye nta ya mshumaa zisitawanyike. Kwa cherehani zisingestahimili. Wakakaa watatu kitandani, mke, binti na dada, wakashona kwa mkono, wakitia sindano kwenye kila tundu la Fundi wala wasichimbe jipya. Shangazi alitaka kuinyoosha kola kidogo, watu wasicheke. Bibie akamkatalia. Ikashonwa upande kama mwenyewe alivyoishona. Waliongea habari zake, wakacheka kuhusu suruali za wateja walionenepa, wakalia, wakamaliza usiku wa manane.

Kibunda cha ule uzi mwingine Bibie alikitia kwenye droo ya cherehani.

"Huo wa nini tena, Mama?" binti aliuliza. Bado alikuwa hawezi kuutazama.

"Ameushika yeye, tena wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na hauozi. Wake ni ule unaooza. Huu usiooza nabaki nao mimi."

Akazikwa kesho yake, na shati lake.

Kiangazi kilikuwa kirefu mwaka ule. Binti alitaka mama yake ahamie kwake. Mama akasema ngoja kwanza mvua inyeshe, na binti hakuelewa mvua inahusiana nini na kuhama, lakini alikwisha mzoea. Kaburi lilikuwa pembezoni, karibu na mahali vichaka vinapoanzia, na kimoja kilikuwa kimeinamisha tawi hadi upande wa kichwani. Mwangalizi wa makaburi aliuliza kama akikate. Bibie alimjibu akithubutu kukigusa watagombana.

Alasiri moja mawingu yakajikusanya. Alikuwa anaanua nguo. Alizitupa juu ya kitanda, akachukua mwavuli mlangoni, akatoka mbio, mtu mzima na magoti yake, kanga upande, majirani wakimwita hata hakugeuka. Alifika matone ya kwanza yakiwa yanapiga vumbi, tap, tap, kila moja likiacha kishimo chake. Akachuchumaa kando ya kaburi, akafungua mwavuli, na kwa mazoea ya maisha mazima akaunyoosha juu ya udongo, siyo juu yake.

Palikuwa pakavu chini ya mwavuli. Alipatazama pale pakavu kwa kitambo. Hapakuwa na kopo la kukinga. Hapakuwa na kitu cha kupima.

Akaukunja mwavuli akauweka pembeni, na mvua ikaingia.

Ikaloanisha kichwa chake, tawi la kichaka, na udongo wote kuanzia juu mpaka miguuni. Baada ya dakika chache harufu ikapanda, ile ile, nzito na tamu, ya kitu kilichoamka na njaa. Bibie aliweka kiganja chake juu ya udongo uliolowa, akakiacha pale.

"Umepumua vizuri leo, Fundi," akamwambia.

Alikaa mpaka giza lilipokaribia. Kisha akainuka kwa shida, akakung'uta magoti, akaokota mwavuli wake.

"Haya," alisema. "Nitakuja kesho."